Upande wa Kulia wa Sisimizi

…na bado hajasema kitu, saa kubwa ya kwenye meza ya waamuzi imesimama kwenye dakika moja na sekunde kumi na moja, nambari nyekundu zimetulia kama zimechorwa, daktari wa mashindano amepiga magoti juu ya mkeka mbele ya yule msichana wa nguo ya bluu anamchomeka pamba puani, damu imemchuruzika mpaka kwenye kola, na katika judo sheria ni moja, kocha husema saa ikiwa imesimama, ikitembea akafungua kinywa anaondolewa kitini mbele ya watu, kwa hiyo nafasi ndiyo hii, haina ndugu wala jirani, na Sisimizi, mdogo wake, amesimama kwenye alama yake, nguo nyeupe imechomoka mkandani, amegeuza shingo, anamtazama, anasubiri, yuko nyuma kwa nusu pointi katika fainali ambayo klabu yao ya watu wanne haijawahi kuishinda tangu baba yao aianzishe, na yeye, dada mtu, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kinachomwangusha mdogo wake anakijua, amekijua tangu asubuhi, na ulimi umelala mdomoni kama mgonjwa aliyekataa dawa. “Rekebisha nguo,” ndilo neno pekee lililomtoka, kana kwamba wamekuja kupigwa picha, na Sisimizi akaichomeka nguo bila kuondoa macho usoni pake, mtiifu, mtiifu mno, kuna utii unaokera kuliko ujeuri, mtu mjeuri angalau unaweza kumchukia ukalala usingizi… na nyuma ya kizuizi cha chuma Spoku, fundi baiskeli, mzito kuliko wote klabuni, ameinama mpaka pumzi yake inamfika sikioni, “Dada, mwambie kitu, mtoto anakutazama,” “Namwona,” “Basi mwambie, wewe ndiye uliye kitini, mimi leo sina la kumfundisha mtu, mimi asubuhi nimetupwa kabla sijajua mpinzani wangu ana masikio mangapi,” akacheka peke yake, kisha akaacha, na yeye akawaza, asubuhi, ndiyo, ni asubuhi ile alipoona, Spoku yuko mkeka namba nne na jamaa mmoja mwenye shingo kama gogo, jamaa akamsukuma kuelekea kulia, na Spoku, mtu anayepanda ngazi na baiskeli mbili begani, akakwama, hakuteleza wala hakujikwaa, alisimama mwenyewe kama aliyefika ukutani, na huku kulia kwake kulikuwa na mkeka mtupu, hatua sita nzima, na aliposimama tu akavutwa akaenda hewani kama mto wa kulalia, na yeye, karatasi za usajili zikiwa mkononi, akaelewa mara moja, amesimama kwa ajili ya nguzo, jamani, huyu amesimama kwa ajili ya nguzo ambayo tumeiacha nyumbani.

Maana stoo wanayofanyia mazoezi, nyuma ya kinu cha kusaga nafaka alikokuwa baba yao mlinzi, ina nguzo ya zege katikati, ndiyo iliyoshika paa, haiondoleki, na Baba alipoanzisha klabu akaweka amri moja kabla ya salamu na kabla ya kufunga mkanda, kushoto, zungukeni kushoto, daima kushoto, ili jozi zote zizunguke upande mmoja kama magari kwenye mzunguko wa barabara zisigongane, na anayekwenda kulia nguzo itamfunza, na iliwafunza kweli, miaka thelathini ya watu wanaozunguka kushoto, mpaka miili ikaamini kwamba kulia kwa mtu hakuna kitu ila zege, Baba mwenyewe hata akikatiza uwanja mpana usio na hata jiwe huenda akipinda kushoto kama anampisha mtu, na yeye ana alama ya nguzo ile juu ya nyusi, mishono minne, alikuwa na miaka saba, ilikuwa Jumamosi, Baba alimfuta damu kwa mkono wa nguo yake akasema si nilikuambia kushoto, wakaendelea na mazoezi, na nguzo ikabaki hivyo hivyo, tupu, miaka sita, mpaka mtoto wa mwisho alipoanza kutambaa stooni, ndipo Baba akaleta mablanketi mawili na mpira wa ndani wa tairi la lori, akaivika nguzo kutoka chini mpaka kifuani pa mtu mzima, akafunga kwa waya, polepole, akirudi nyuma kuangalia kama imekaa vizuri, ungedhani anamvisha bibi harusi, na blanketi moja, la kijani, lilitoka kitandani pa nani? Nyumbani wote wamesahau. Yeye hajasahau. Alilala na koti la Mama msimu mzima wa baridi… na jina vilevile, mtoto hajamaliza mwaka Baba ameshamwita Sisimizi, mdogo lakini tazama anavyobeba, na yeye tangu siku hiyo akawa Dada, si kwa Sisimizi tu, kwa wote, kwa Baba, kwa Mama, kwa Spoku anayemzidi miaka minane, Dada lete maji, Dada fungua stoo, Dada jaza fomu, mtu wa miaka thelathini na minne anaitwa kwa cheo ambacho mtu mwingine alimpa kwa kuzaliwa tu, na leo hii asubuhi, pale kwenye meza ya usajili, Baba alimwambia yule ofisa, “Huyu ndiye binti yangu mpiganaji,” akamshika Sisimizi begani, halafu, kwa adabu, ili mtu asije akaachwa, “na huyu hutusaidia makaratasi.” Hutusaidia makaratasi. Ofisa akamsalimia kwa heshima zote, naye akaitikia, akatoa kalamu, akasaidia makaratasi.

Ng'ambo ya mkeka wale wa bluu wako wanne, suti zao za mazoezi zimefanana mpaka soksi, kuna mwenye kazi ya kushika maji na kuna mwenye kazi ya kushika taulo, na kocha wao ameshika kompyuta kibao anarudisha picha nyuma, mbele, nyuma, haoni haya kusema kwa sauti, kelele za mikeka sita haziizuii, maneno yanafika nusu nusu, “…kulia kwake, kulia, msukume tu… anazima kama gari lililoishiwa mafuta… ukiona amesimama, ingia,” na yule msichana anaitikia kwa kichwa huku daktari anamwambia tulia, tulia binti, na hao ni wageni, wamemwona Sisimizi kwa mara ya kwanza leo, dakika tatu zimewatosha kulijua analolijua yeye, tofauti ni kwamba wao wanalisema. Wanalisema kwa mtu wao. Na ile nusu pointi ilikuja hivyo hivyo, bluu alimsukuma kulia, Sisimizi akasimama wima kabisa, uso umeduwaa, akazungushwa, akaanguka kwa ubavu, ukumbi ukaguna, na yeye hapa kitini, hapa hapa, akasikia kitu kimemchekea kifuani, kidogo tu, kama mtu anayepita dirishani akakukonyeza, kikapita… lakini alikiona kilivyokuwa, asijidanganye, yeye hana tabia ya kujidanganya, anaandika kila kitu kichwani na tarehe yake, basi na hiki aandike, mdogo wangu alianguka nikafurahi. Wivu gani huu wa mtu mzima, wa mtu anayelipa ushuru, gere mpaka kwenye mboni za macho, na mchana, wakati wa kula, ndipo penyewe hasa, walikaa chini ukutani, yeye anammenyea mdogo wake yai la kuchemsha kwa sababu vidole vya Sisimizi vilikuwa vimefungwa plasta, na Sisimizi akauliza, mdomo umejaa mkate, “Dada, wewe unaona wapi nakosea? Kuna mahali nakwama, sipaoni,” aliulizwa, hakuna anayeweza kusema hakuulizwa, na jibu lilikuwa tayari lina masaa matatu kichwani, akatoa ganda la mwisho, akapuliza, akasema, “Kula taratibu.”

Juu, safu ya tatu, Baba ameketi na macho yake yenye ukungu ambayo tangu mwaka jana hayaoni ng'ambo ya meza, ndiyo maana kiti amepewa yeye, si kwa kingine, “Kaa wewe, Dada, mimi sitaona, mwangalie mdogo wako,” mwangalie, hakusema mfundishe, watu huangalia mizigo na watoto, na Mama amebanana naye anamsimulia pambano, Mama ambaye miaka yote hii hajui pointi hupatikana vipi, “Amemshika nguo… bado amemshika nguo… sasa wamesimama, kuna mtu anatokwa damu,” “Wetu?” “Si wetu,” “Sisimizi anafanya nini?” “Anamtazama dada yake,” na Baba akaegemea nyuma, hilo alilisikia vizuri akaridhika, akasema maneno ambayo hayakumfikia huku chini lakini mdomo wake wa kizee unasomeka, basi hapo sawa. Basi hapo sawa! Kuaminiwa na mtu ambaye hajawahi kukutazama, kuna mzigo gani mbaya zaidi ya huo, yeye kazini kwake siku nzima anasimama kando ya daktari wa meno akiwaambia watu fungua mdomo, fungua zaidi, haitauma, na watu wanafungua, wazee, wanajeshi, mahakimu, yeye mwenyewe leo hawezi… na akikaa kimya tu nini kitatokea? Hakuna kitakachotokea. Sekunde sabini na moja zitapita, Sisimizi atasukumwa kulia, atasimama, ataanguka, watachukua medali ya pili, kama ile ile, watapanda basi, Mama atatoa mkate, na hakuna mtu duniani atakayejua kwamba kulikuwa na neno, wivu wa namna hii hauachi alama, hauvunji chungu wala haumwagi damu, unakaa tu kitini na mikono juu ya magoti.

Kama ile ile, medali ya pili, ya kwake, miaka kumi na mitatu iliyopita, fainali kama hii, ukumbi mwingine lakini harufu ni moja, miguu ya watu na dawa ya kusafishia sakafu, alikuwa na miaka ishirini na mmoja, Baba kwenye kiti, mpaka katikati ya pambano kipaza sauti kikaita, mzazi wa mtoto mgonjwa, gauni la njano, afike mlango mkubwa, na Baba akainuka. Aliinuka, akatundika koti lake kwenye mgongo wa kiti ili lishike nafasi, akaenda, na saa iliposimama, maana mpinzani alikuwa anafunga mkanda upya, yeye aligeuza shingo kutafuta neno akaona koti, la kahawia, mfuko mmoja umechanika, gazeti limetokeza, anaweza kulichora mpaka leo, na mtoto mgonjwa alikuwa huyu huyu, wa miaka tisa, aliyekunywa soda tatu juani akazitapika zote na kuzimia, na pambano likaanza tena, akatupwa, akashindwa, na tangu hapo akijiuliza kwa nini alishindwa jibu liko tayari, halihitaji kutafutwa, kiti kilikuwa kitupu, kilikuwa kitupu kwa sababu ya Sisimizi, hiyo ndiyo hesabu, ameihifadhi vizuri kama wenzake wanavyohifadhi hati ya kiwanja… lakini alitupwaje? Swali la kijinga, la mtu mwenye nafasi, daktari anatupa pamba iliyolowa anachukua nyingine, alitupwaje, miguu ilikuwa wapi? Mguu wa kushoto ulikuwa mbele. Yule mpinzani, msusi wa nywele, mikono mirefu, alimshika kola na mkono wa nguo akamsukuma, kwenda wapi, kwenda… na mgongo wake hapa kitini ukajikaza wenyewe, mwili unakumbuka bila kuombwa, alimsukuma kulia. Kulia. Na yeye akasimama. Alikuwa na nafasi kubwa ya kutembea, mkeka mtupu, taa, watu kwa mbali, na akasimama wima akisubiri zege limguse bega, miaka kumi na mitatu ameitazama siku ile kutoka kwenye kiti, koti, mfuko, gazeti, hajawahi hata mara moja kuitazama kutoka miguuni pake.

Kwa hiyo hata kama Baba angekuwepo. Polepole, hili aliwaze polepole. Baba angekuwepo, saa imesimama, yeye amegeuza shingo, Baba angesema nini? Angesema kushoto. Angesema kwa sauti yake yote, kushoto, binti, daima kushoto, na angeanguka vilevile, mahali palepale, labda haraka zaidi, koti halikumfanya kitu, soda hazikumfanya kitu, mtoto wa gauni la njano hakumchukulia ushindi wowote, na hapo badala ya kupumua akakasirika, akakasirika kweli kweli, kwa sababu hicho nacho walikuwa wanamnyang'anya, kitu kimoja alichokuwa nacho peke yake ndani ya nyumba ile, blanketi sawa, jina sawa, lakini kuonewa kule kulikuwa kwake, na akikitoa atabaki na nini mkononi, medali ya pili na nguzo… na isitoshe, ona, huyu ataambiwa. Sisimizi ataambiwa lile ambalo yeye hakuwa na mtu wa kumwambia, ataambiwa kwa wakati, kwa sekunde zilizobaki, atalitumia, atashinda, picha itatundikwa sebuleni pale penye msumari uliopigwa tangu zamani bila kitu, na watasimulia miaka, Sisimizi alivyomtupa yule wa bluu, Sisimizi alivyogeuka, na nani atakayesema kwamba kulikuwa na mtu kitini? Nani atakumbuka? Wao hawakumbuki hata blanketi. Mwenye kukumbuka ni yeye. Ni yeye ndiye atakayejua, na akinyamaza vilevile ni yeye ndiye atakayejua, kila Jumamosi akifungua stoo, kila akimwona Sisimizi akizunguka kushoto… naye Sisimizi hajaondoa macho, jasho limemfika kidevuni, kope zake zinapepesa, si macho ya kuomba, ni ya mtu anayeangalia mahali alipozoea kukuta kitu, na yeye aliyajua macho hayo, aliyajua kutoka ndani, ndivyo alivyolitazama koti, sekunde ngapi, kumi na tano, ishirini, akilisubiri liseme, na tofauti iko wapi? Kule hakukuwa na mtu kwa kuwa mtu aliitwa. Huku yupo, ana macho mawili, ana alama juu ya nyusi, hajaitwa na yeyote, na kwa huyu aliye mkekani, mwenye dakika moja na sekunde kumi na moja, kiti ni kile kile. “Dada,” Spoku ananong'ona, “pamba inakaribia kwisha,” na yeye akainama mbele, mikono ikaondoka magotini.

“Kulia,” akasema, sauti ikatoka ndogo, ya kukwaruza, akairudia, “Kulia kwako, hapo ndipo unapokwama,” na Sisimizi akasogeza sikio, “Nini?” “Unaikwepa nguzo. Hapa hakuna nguzo. Akikusukuma kulia usisimame, nenda, nenda naye mpaka achoke kukusukuma, halafu umtupe,” na Sisimizi akakunja uso kama mtoto aliyeambiwa kitanda kimehamishwa, “Lakini Baba anasema…” “Najua Baba anasema nini. Mimi nilianguka hapo hapo,” neno hilo hajawahi kumwambia mtu, lilitoka bila kupigwa pasi, na Sisimizi, huku daktari anaomba pamba moja zaidi na mwamuzi anatazama saa ambayo haikuwa imesogea hata tarakimu moja, akasema polepole, “Baba aliniambia siku ile ulikuwa na homa,” na yeye akajibu, “Sikuwa na homa. Nilisimama tu. Kama wewe.” Kisha Sisimizi akateremsha macho sakafuni upande wake wa kulia, akapaangalia pale mahali patupu, akanyoosha mguu, akauweka, akauegemea kwa uzito wake wote, hatua moja, ya pili, mwamuzi akamwonyesha kwa kidole arudi kwenye alama, naye akaenda kwanza hatua ya tatu, na dada yake kitini akaona, kwa gere ile ile aliyokuja nayo asubuhi, jinsi mguu ule ulivyokwenda kwa urahisi.